Aliyetoa Fedha Ndiye Aliyeshika Mlango

Shirika la Coram, ambalo leo huwatafutia watoto wa Uingereza wazazi wa kuwaasili, lilianza kwa ukaidi wa nahodha mmoja. Thomas Coram alichukizwa na kuona vichanga waliotupwa kando ya barabara za London, akahangaika miaka 17 kutafuta kibali cha mfalme cha kuanzisha makao ya kuwalea. Wakubwa walihofu kwamba kumlea mtoto wa nje ya ndoa ni kubariki zinaa. Mambo yalianza kubadilika pale mabibi 21 wa koo za kikabaila walipotia saini ombi lake. Kibali kikatoka 1739, na Machi 1741 makao hayo, yaliyoitwa Foundling Hospital, yakapokea watoto wa kwanza.

Mchoraji William Hogarth aliyapa makao hayo picha ya Coram, akawahimiza wachoraji wenzake nao watoe kazi zao. Wakati huo London haikuwa na jumba la umma la sanaa, hivyo matajiri walifuata picha, wakawakuta watoto, wakachanga. Kuanzia 1750 mtunzi wa muziki Handel naye aliongoza tamasha za utungo wake Messiah katika kanisa la makao hayo kuchangisha fedha.

Hata hivyo, waombaji waliizidi michango. Tangu 1742 ikapigwa kura: kila mama alitoa mpira mdogo kutoka kwenye mfuko. Mweupe: mtoto apokewe, mradi hana ugonjwa wa kuambukiza. Mwekundu: asubiri nafasi. Mweusi: aondoke na mwanawe. Mabibi wa tabaka la juu walikuja kutazama kura hiyo, na hapo ndipo naona ubaya wake: uchungu wa mama ulikuwa sehemu ya kile mfadhili alichoonyeshwa.

Mwaka 1756 Bunge likatoa fedha kwa sharti kwamba asirudishwe mtoto yeyote. Kufikia 1760 walikuwa wamepokewa karibu 15,000, na zaidi ya theluthi mbili wakafa. Wengi walisafirishwa kutoka majimbo ya mbali, wakafika wamedhoofu, na wanyonyeshaji hawakutosha. Bunge likajitoa. Wapo waliosema vifo hivyo vimethibitisha ubaya wa kupokea kila mtoto. Mimi nasema vilithibitisha kwamba mlango ulipanuliwa bila kuongezwa walezi.

Baada ya hapo mama aliandika ombi na kuhojiwa. Karne ya 19 ilipoingia, alitakiwa aonyeshe kwamba huyo ni mzaliwa wake wa kwanza na kwamba kabla ya hapo alikuwa na sifa njema. Njaa ya mtoto peke yake haikutosha kumfungulia mlango.