Mji wa Kale, waridi bado linanuka

Bibi yule alikinusa kikuba mara moja tu, akakiweka mapajani na kuanza kukifumua. Hakuwa na haraka. Asumini alizitenga upande mmoja, vipande vya mkadi upande mwingine, majani ya rihani akayafikicha na kunusa ncha za vidole vyake. Kisha akachomoa petali za waridi jekundu, moja baada ya nyingine, akazikusanya kiganjani na kumrudishia msichana aliyekuwa akigawa vikuba.

"Hili la dukani, mwanangu," alimwambia kwa upole. "Lina rangi tu."

Ilikuwa usiku wa harusi, upande wa wanawake, Mombasa. Udi ulikuwa umetanda ukumbini, ngoma zimepamba moto, na sidhani kama kuna mwingine aliyeliona jambo lile. Nilimwomba msichana zile petali nikazinusa. Zilinuka maji na ubaridi wa friji.

Nilirudi nyumbani na swali. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nje mawaridi mengi zaidi duniani. Ukipita Naivasha unayaona mabanda ya plastiki yakimetameta kandokando ya ziwa, na maua yake hupakiwa kwenye ndege yakafika mnadani Uholanzi yakiwa bado hayajafumbuka. Ilikuwaje basi bibi wa Mombasa akakosa waridi la kutia kwenye kikuba?

Siku chache baadaye nilimtafuta nikamuuliza. Hakunijibu. Aliniambia niende Alhamisi baada ya alasiri, na niende na mkebe.

Aliniomba nisimwandike jina. Majirani humwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo. Nyumba yake iko Mji wa Kale, si mbali na Ngome, nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi za mbao na giza la mchana. Unapanda kwa kupapasa, unasukuma mlango wa bati, unatokea juu ya sakafu ya zege kwenye jua na upepo wa bahari. Hapo ndipo yalipo mawaridi. Yamo ndani ya mikebe ya samli, makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, karai la fundi mwashi, hata ndani ya pipa la mashine ya kufulia iliyokufa. Nilihesabu vyombo 47 kisha nikaacha, maana harufu ilikuwa imenifikia.

Sijui niielezeje harufu ile. Ina utamu kidogo, ina ukali kama wa karafuu mbichi kwa mbali, na nyuma yake kuna kitu kama chai iliyopoa. Ua lenyewe si la kujivunia. Ni la rangi ya waridi iliyopauka, kubwa kama yai la kuku, limejaa petali hadi limekosa umbo, na shingo yake ni dhaifu hivi kwamba linainamia chini. Likifumbuka alfajiri, magharibi limeanza kumwagika.

"Ndiyo maana hulioni dukani," alisema Bi Mkubwa. "Muuza maua ataka ua la kukaa siku kumi. Hili lina siku moja. Lakini niambie mwanangu, harusi ina siku ngapi? Kikuba chavaliwa usiku mmoja. Mie siku kumi nazitakia nini?"

Wanaokutana pale ni wanawake tisa na mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu. Hawana cheti cha usajili wala mchango wa mwezi, na mwenyekiti hawajawahi kumchagua. Kila mmoja ana miwaridi yake, kwenye roshani, kibarazani, au dirishani nyuma ya nondo, na kila Alhamisi huja na habari zake. Huyu ameleta jani lenye madoa meusi ndani ya mfuko wa plastiki. Yule ana kichomozi kilichovamiwa na vidukari. Majani hupitishwa mkono kwa mkono, yakageuzwa upande wa chini, yakasogezwa kwenye mwanga, na kila mtu akatoa neno lake. Utadhani uko kliniki ya watoto wachanga.

Wana sheria zao, na nyingi nilizihakiki baadaye nikakuta zina sababu. Mwaridi humwagiliwa asubuhi, shinani, kamwe si majanini, kwa kuwa ukungu wa madoa meusi huota pale jani linapolala na maji kwa saa nyingi. Jani lenye doa halilali sakafuni, huokotwa siku hiyohiyo. Maji ya kisima hayaruhusiwi kabisa. Visima vya kisiwani vina chumvi, na mwaridi ukinyweshwa chumvi huungua kingo za majani, kisha unanyauka polepole. Hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kila mkazi wa Mombasa anajua mfereji unavyokauka siku kwa siku. Mwanamke mmoja alinieleza anavyogawa mtungi wa lita 20 aliouziwa na mtu wa mkokoteni: wa kupikia, wa kutawadhia, na bilauri moja kwa kila mkebe. Maji ya kuoshea mchele hayamwagwi.

Lakini kilichonishika zaidi ni kalenda yao.

Waridi hili halina msimu. Ukilipogoa, linachipua, na kati ya wiki sita na saba linatoa maua kwa pamoja, kisha linapumzika. Kwa hiyo mwenye mkasi ndiye mwenye kuamua siku ya maua. Bi Mkubwa huhesabu kwa mwezi wa kuandama. Maulidi ni tarehe 12 Mfungo Sita. Ukirudi nyuma wiki sita unaangukia mwanzo wa Mfungo Tano. Basi mwezi wa Mfungo Tano ukionekana tu, mikasi hutoka. Ramadhani ikiingia, nusu ya mikebe hupogolewa, nusu nyingine hungoja kumi la kati, ili harusi za Mfungo Mosi zisikose maua, za katikati na za mwisho. Mwenye harusi katika familia huja kutaja tarehe yake mapema, naye hupangiwa mikebe.

"Mamangu alikuwa hajui kusoma," aliniambia huku akikata. "Lakini siku ya Maulidi nyumba yetu ilikuwa haikosi waridi hata mara moja. Nalidhani maua yenyewe yaijua siku. Nalipokuwa msichana mkubwa ndipo nikamwona, usiku, na mkasi wa kukatia nguo."

Hukata juu ya jicho linalotazama nje, mshazari, ili maji yateremke. Tawi lililokatwa halitupwi. Ndipo nilipoelewa kwa nini niliambiwa nije na mkebe. Alichagua tawi lililokuwa limemwaga ua karibuni, unene wa penseli, akahesabu macho manne, akakata chini ya jicho la mwisho. Majani ya chini akayapukuta, akaacha mawili ya juu. Ncha akaichovya kwenye unga wa mdalasini, "usioze." Mchanga ni wa mtoni, uliooshwa, wa pwani una chumvi. Macho mawili yakaingia mchangani, mawili yakabaki juu. Akafunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, akanitazama kwa mara ya kwanza kwa ukali.

"Usiuvute kutazama kama una mizizi. Wote huvuta. Wiki sita usiuguse."

Mzee wa cherehani alinisimulia kisa chake. Aliwahi kununua mwaridi mzuri kutoka bara, mwekundu, ukatoa maua mwaka mmoja. Kisha ukakauka juu, lakini chini ukachipua kwa nguvu, matawi marefu ya miiba, ua dogo jingine kabisa. Alidhani amerogwa. Ni Bi Mkubwa aliyemfunulia kwamba mwaridi ule ulikuwa umebebeshwa: juu aina moja, mizizi ya aina nyingine. Kilichokufa ni kile alichokinunua. Miwaridi yao wenyewe haibebeshwi. Ni tawi lililoota kutoka kwa tawi lililoota kutoka kwa tawi, na kwa sababu hiyo, kwa hesabu ya mimea, yote juu ya paa lile ni mmea mmoja ambao haujawahi kufa.

Nilimpelekea Bi Mkubwa swali langu la Naivasha. Yeye anaamini mawaridi ya dukani hutiwa dawa ya kuua harufu. Hapo sikubaliani naye. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha aina mbili za waridi, Papa Meilland linalonukia sana na Rouge Meilland lisilonukia. Walikuta jeni iitwayo RhNUDX1 ikifanya kazi kwa nguvu katika petali za lile la kwanza, na katika la pili ni kama imelala. Jeni hiyo inahusika na kutengeneza jiranioli, mojawapo ya vitu vinavyolipa waridi harufu yake. Hakuna dawa iliyotiwa. Wazalishaji wa aina mpya walichagua kwa miongo mingi shina refu, rangi kali na ua la kustahimili safari, na katika kuchagua hivyo harufu ikaachwa njiani bila mtu kuitetea.

Nilipomweleza alinisikiliza hadi mwisho. "Basi wameiacha kwa kutoijali," alisema. "Hilo mbona ni baya zaidi?"

Na waridi lake limetoka wapi? Kwa mamake, aliyepewa na shangazi yake, aliyepewa na jirani. Zaidi ya hapo hajui. Marashi ya waridi ni ya zamani sana katika mwambao huu: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa tambuu na marashi ya Damascus, na neno lenyewe marashi limetokana na Kiarabu cha kunyunyiza. Lakini marashi husafiri kwenye chupa. Mmea ni habari nyingine. Miwaridi ya Oman, ile ya Jabal Akhdar inayochanua masika ya kule na kukenekwa marashi, iko juu milimani kwenye baridi na huchanua mara moja kwa mwaka. Huu wa Mombasa huchanua kila ukikatwa, usawa wa bahari, kwenye joto.

Kuna jambo moja linalonivuta. Katika kisiwa cha Réunion, bahari hii hii yetu, miwaridi ya kidamaski na ya Kichina ilipandwa kama ua wa kuzungushia mashamba, ikazaa chotara wake yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1810 mtaalamu wa mimea Nicolas Bréon alimtambua chotara huyo, mbegu zikapelekwa Ufaransa, na ukoo mzima wa mawaridi ukazaliwa, unaoitwa Bourbon kwa jina la zamani la kisiwa hicho. Ukoo huo unanukia, una petali nyingi, hurudia kuchanua, na hustahimili joto. Je, tawi moja lilipanda jahazi kuja huku? Au lilitoka India pamoja na familia ya mfanyabiashara? Maabara ingeweza kusema. Mmoja wa wanakikundi, mwalimu, anataka jani lipelekwe likapimwe. Bi Mkubwa hataki. Anahofia kwamba litakalopewa jina litapata na mwenyewe. Nimesikiliza pande zote mbili na siwezi kusema nani amekosea.

Wana ubishi mwingine pia, mkali kuliko huo. Wenye umri mdogo wanasema vikuba viuzwe hotelini, maana wageni hulipa. Wazee wanasema waridi hili halijawahi kuuzwa, huombwa. Lakini hao hao wazee hawana jibu wakiulizwa ni nani atakayenunua mtungi wa maji kwa ajili ya ua wasipokuwepo. Mjukuu wa Bi Mkubwa, aliyekuwa amekaa ngazini na simu yake, aliulizwa mbele yangu kama ataitunza mikebe. Alisema, "Inshallah." Bibi yake aliendelea kupukuta majani.

Walikuwa na mwaridi mmoja mkubwa uliopandwa ardhini, kwenye ua wa nyumba ya jirani, wenye shina nene kama mkono wa mtu. Nyumba iliuzwa. Mafundi walipoanza kubomoa ukuta, wanawake wanne walikwenda kuomba nusu saa tu ya kukata vipandikizi. Waliruhusiwa kesho yake. Kesho yake kifusi kilikuwa kimeshaufunika. Wanasema ule ulikuwa mweupe, na harufu yake ilikuwa tofauti, kama ndimu. Hakuna aliyekuwa amechukua tawi lake kabla, kwa sababu ulikuwepo siku zote.

Kipandikizi changu kina wiki ya nane sasa. Kimetoa majani matano na sijakivuta. Wewe msomaji, kama kwenu kuna mwaridi wa zamani unaonukia, Lamu, Malindi, Tanga, Unguja au popote, kata tawi leo, macho manne, umpe mtu wa nyumba nyingine. Wa Mombasa wanakutana Alhamisi baada ya alasiri. Nenda na mkebe uliotobolewa chini.