Mandhari si pambo: njia ya kuifikia dhamira ya hadithi fupi

Katika mwaka wa pili tulipewa kazi ya kuchambua hadithi fupi "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar. Imo katika mkusanyiko *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Kwenye karatasi yangu niliandika: "Mandhari: mtaa wa mabanda. Dhamira: umaskini." Mwalimu alilizungushia duara neno la mwisho, akaandika pembeni: "Umaskini unafanya nini?" Nilipata 7 juu ya 20.

Wenzangu wengi waliandika kama mimi, na kila mwaka naona wanafunzi wapya wakifanya vilevile. Ndiyo maana naeleza hapa nilichokuja kukielewa baadaye.

Tuanze na maana. Mandhari ni mahali na wakati wa matukio, pamoja na hali ya jamii inayoishi hapo: nani ana mali, nani anaamuru, nani anaogopa. Dhamira ni jambo ambalo hadithi inalisema kuhusu maisha kupitia matukio hayo. Umaskini, ndoa, elimu na vita ni mada tu. Mada hutajwa kwa neno moja, lakini dhamira huhitaji sentensi nzima. Ni kweli kwamba vitabu vingine vya uhakiki hutumia neno dhamira kwa yote mawili. Hata hivyo, mchambuzi akiishia kwenye neno moja, bado hajasema lolote kuhusu hadithi aliyoisoma.

Riwaya ina nafasi ya kutembeza wahusika mijini na vijijini, na kumpa kila mmoja historia yake. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Ina kurasa chache, wahusika wachache, mara nyingi na mahali pamoja tu. Kwa hiyo mahali hapo panabebeshwa kazi ambayo katika riwaya ingefanywa na sura nyingi.

Turudi kwenye hadithi yetu. Inatokea Madongoporomoka, mtaa wa wanyonge kando ya jiji linalozidi kupanuka. Wakazi wanajua kwamba wakubwa wanaitamani ardhi yao. Siku moja mtu mnene kupita kiasi, anayeitwa jitu, anaingia katika mkahawa wa mtaa na kuagiza chakula. Anakula, anaongeza, mpaka anakimaliza chakula chote kilichopikwa kwa ajili ya wateja wote. Baadaye zinakuja mashine za kubomoa.

Sasa fanya jaribio dogo: ihamishe hadithi. Mweke mtu huyohuyo katika hoteli kubwa katikati ya jiji, ale vilevile, alipe, aondoke. Tutabaki na kichekesho cha mlafi. Chakula kitapikwa kingine na hakuna atakayelala njaa. Lakini ndani ya mkahawa mdogo wa Madongoporomoka, sahani anazozimaliza ni za watu waliosimama wakimtazama. Kula kwake kunatuonyesha mapema namna ardhi yao itakavyoliwa. Hadithi hii inakataa kuhamishwa, na pale inapokataa ndipo dhamira yake ilipo. Leo ningeiandika hivi: mwenye nguvu asiyejua kutosheka huichukua hata riziki ndogo ya mnyonge, kisha huliita jambo hilo maendeleo.

Nimezoea kujiuliza maswali matatu ninaposoma. Kwanza, mahali hapa panamruhusu mhusika kufanya nini, na panamnyima nini? Pili, ni nani mwenyeji na ni nani mgeni, na ni yupi kati yao anayeamua? Tatu, mahali hapa pamebadilikaje kati ya mwanzo na mwisho? Majibu yakishakusanywa, ninaandika sentensi moja yenye mtendaji na kitendo. Kama sentensi hiyo ingeifaa hadithi nyingine yoyote, najua bado sijafika.

Lazima nitoe tahadhari pia. Si kila mti na kila mvua ni ishara. Nimewahi kusoma kazi iliyodai kwamba kiti kilichovunjika kinawakilisha ukoloni, ingawa kiti chenyewe kilitajwa mara moja tu na hakuna aliyekikalia. Kitu cha mandhari kinastahili kuchambuliwa kinapogusa uamuzi au hatima ya mhusika.

Swali la mwalimu nililielewa nyumbani, wala si darasani. Nkambo wangu, yaani bibi yangu mzaa mama, anaishi Lubumbashi katika lupango alilonunua na marehemu mumewe. Likizo iliyofuata nilikuta ukuta wake umechorwa msalaba mwekundu, alama ya nyumba za kubomolewa. Nilimuuliza waliochora walisema nini. Akajibu: "Hawakusema kitu. Leo balikuya na rangi, kesho batakuya na mashini." Kisha akaendelea kufagia uwanja kama kila asubuhi.

Jioni ile niliisoma tena hadithi, nimeketi chini ya ukuta uleule. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiona Madongoporomoka kama picha ya nyuma, mahali pa kutaja ili nipate alama. Sasa niliona kwamba mahali ndipo panapogombewa. Umaskini wa watu wale ulikuwa ukifanya jambo moja: ulimfanya mgeni aamini kwamba hahitaji hata kuwauliza.

Msalaba bado upo ukutani, na nkambo bado anafagia. Nawe msomaji, utakapopewa hadithi fupi kuchambua, usiiandike mandhari katika mstari mmoja na kuipita. Kaa hapo kwanza, uulize ni nani anayeweza kufukuzwa.