Kioo kimeoshwa, mbona jua likichomoza dereva haoni?

Saa 1 kasoro asubuhi, barabara za Kilakala mjini Morogoro huwa zimejaa sare za shule. Wanafunzi wanatembea kwa makundi, wengine na mifagio mkononi, wadogo wakiburutwa na dada zao. Katikati yao yanapita magari ya wazazi, bajaji, bodaboda na mabasi ya shule. Magari mengi yameoshwa jana yake na yanang'aa. Lakini dereva akikata kona na jua likampiga usoni, kioo cha mbele kinageuka pazia jeupe. Kwa sekunde moja au mbili, mtoto aliyekuwa anakanyaga kivuko haonekani kabisa.

Ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya makazi nchini ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linasogea karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili za kutoona ni mita 28, na kivuko cha shule kinaweza kuwa ndani ya mita hizo.

Jua linalaumiwa, lakini mwenye makosa mara nyingi ni utando mwembamba wa mafuta na vumbi, tena ulioganda upande wa ndani wa kioo, ambao muoshaji hakuugusa. Saa 6 mchana utando huo hauonekani kwa sababu mwanga unatoka juu. Jua likiwa chini, mwanga unaupiga moja kwa moja na kutawanyika, macho ya dereva yanabaki na weupe mtupu. Wakazi wa Morogoro wanalijua hili hata kama hawalitaji. Anayeshika barabara ya Dar es Salaam asubuhi anaelekea mashariki, jua liko mbele yake. Anayerudi jioni kuja Msamvu analikuta tena usoni. Usiku kazi hiyo inafanywa na taa za malori.

Utando unatoka wapi wakati mlango umefungwa? Kwanza, kwenye dashibodi yenyewe. Gari likiegeshwa juani, plastiki na viti hupata moto na kutoa mvuke usioonekana, ambao hutua kwenye kioo. Tena yale mafuta ya kung'arisha dashibodi, ambayo wenye magari huyapenda kwa harufu yake, huongeza tatizo. Yakipuliziwa kwa wingi, mengine yanaruka hadi kwenye kioo, na mengine yanapanda kila joto linapokuwa kali. Juu ya hapo kuna vumbi la kiangazi linaloingia dirishani.

Halafu wapo watoto. Masika, madirisha yamefungwa, wanne wamekaa nyuma na nguo zimeloa, kioo kinaweka ukungu. Mmoja anachora gari kwa kidole, mwingine anaandika jina la rafiki yake, na vidole vyenyewe vimetoka kwenye chipsi. Mbele, mzazi naye anafuta ukungu kwa kiganja. Hapo ndipo anapoharibu zaidi, maana kiganja kina mafuta ya mwili, na alama yake itamsubiri hadi siku jua litakapotoka.

Kupima hali ya kioo hakuhitaji fundi. Simu hii hii inayosomewa makala inatosha. Giza likiingia, washa tochi ya simu ukiwa nje ya gari, imulike kioo cha mbele kwa upande, kisha mwenzako aliyeketi kwenye kiti cha dereva aangalie. Kitakachoonekana kitawashangaza wengi waliolipia kuoshewa gari asubuhi ile ile.

Tuanze na michirizi ya nje, ambayo ni rahisi kuieleza. Michirizi huletwa na mambo manne: sabuni nyingi, maji yenye chumvi, kitambaa kichafu na kioo cha moto. Kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari mambo hayo hukutana kwa pamoja. Ndoo ni moja kwa magari matatu, sabuni ya unga imetiwa kwa kukisia, na kitambaa kilichopita kwenye rimu ndicho kinachomalizia kioo. Kijana anayeosha hana ubaya wowote. Amezoea kwamba mteja anaangalia rangi ya bodi na matairi, basi anamfurahisha kwa hayo. Mteja anayefika na vitambaa vyake viwili na kuomba vitumike kwenye vioo tu hukubaliwa bila maneno.

Nyumbani, kazi ifanyike kivulini, mapema asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kioo kilichokaa juani hukausha maji kabla hayajafutwa, na kilichokuwa ndani ya maji, iwe sabuni au chumvi, hubaki pale. Kumwagia maji ya baridi kioo kilichochemka ni hatari zaidi, hasa kama kina ufa mdogo wa kokoto, kwa sababu ufa unaweza kukimbia hadi ng'ambo ya pili.

Bodi ioshwe kwanza, vioo viwe vya mwisho, vinginevyo maji ya paa yatachuruzika juu ya kazi iliyokwisha. Vumbi litolewe kwa maji mengi kabla kitambaa hakijagusa kioo. Kufuta vumbi kavu, au kuwasha waipa ili zilisukume, ni kupiga kioo msasa. Mikwaruzo ya namna hiyo haiondoki kwa sabuni yoyote, na nayo hutawanya mwanga kama utando.

Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai inatosha ndoo nzima kwa ajili ya vioo. Povu likiwa jingi, ujue suuza itakuwa ndefu. Anayetumia maji ya kisima yanayoacha weupe kwenye sufuria ataona weupe huo huo kwenye kioo, hivyo ni bora suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua. Kwa Morogoro, chini ya Uluguru, hayo si shida kuyapata msimu wake ukifika, ila mvua ya kwanza iachwe ioshe bati kwanza.

Baada ya hapo ni vitambaa viwili, na hapa hakuna njia ya mkato. Kimoja kibichi cha kusafishia, kimoja kikavu cha kumalizia. Fulana kuukuu ya pamba ni nzuri. Kanga mpya haifai, ina wanga na hainywi maji, lakini iliyofuliwa miaka mitatu ni hazina. Vile vitambaa laini vya nyuzi ndogo vinavyouzwa kwenye maduka ya vipuri ni bora kuliko vyote, mradi vifuliwe peke yake na bila maji ya kulainishia nguo, kwa sababu maji hayo huacha mafuta. Wapo wanaoapa kwa gazeti lililokunjwa, na ni kweli linanyonya na halitoi manyoya, ingawa wino wake huchafua mikono na mipira ya dirisha. Anayelisoma gazeti hili kwenye simu itabidi aombe la jirani.

Ndani ya gari ndiko kwenye kazi hasa. Changanya vijiko vinne vya chakula vya siki nyeupe kwenye lita moja ya maji safi. Usipulizie kioo, lowesha kitambaa, maana matone yakiangukia dashibodi na swichi yataleta mambo mengine. Futa mara ya kwanza kuondoa mafuta, geuza upande wa kitambaa, futa tena, kisha malizia na kikavu kabla unyevu haujakauka wenyewe. Kioo ambacho hakijaguswa ndani kwa mwaka mzima kinaweza kuhitaji kurudiwa mara tatu, na kitambaa cha kwanza kikitoka cheusi usishangae.

Pembe ya chini, pale kioo kinapokutana na dashibodi, mkono haufiki vizuri. Kina mama wengine huzungushia kitambaa kwenye mwiko bapa na kuusukuma hadi mwisho. Kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za joto kifutwe kwa kuzifuata nyaya, yaani kulia na kushoto, si kuzikata kwa juu na chini. Gari lenye tinti lisifutwe ndani kwa dawa ya vioo yenye amonia, kwani hubabua karatasi ile na kuiachia mapovu. Maji yenye tone la sabuni yanatosha.

Sasa lile linalowahusu wazazi kuliko michirizi yenyewe. Dawa za kuoshea gari hukaa nyumbani, na nyumba nyingi hazina stoo yenye kufuli. Siki ikichanganywa na jiki hutoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Amonia na jiki nazo hutoa hewa yenye sumu. Anayedhani akichanganya dawa mbili kali atapata kali zaidi, anaweza kuipata ndani ya gari lililofungwa, mtoto akiwa pembeni. Jiki haina kazi kwenye kioo, ibaki bafuni.

Mafuta ya taa nayo bado hutumika kutoa lami na utomvu wa miembe. Kwenye kioo ni kazi bure, maana yanaacha utando mpya. Ubaya mkubwa ni chupa. Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa, au sabuni ya rangi ya chungwa kwenye chupa ya soda, ni kinywaji machoni mwa mtoto wa miaka miwili. Chupa ya kuhifadhia ibaki ile yenye lebo yake, na ikae juu. Mtoto akishakunywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika, kwa sababu yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ile ibebwe ili daktari aione.

Kuna pia suala la mto. Kupeleka gari kwenye kijito kinachotoka mlimani ni rahisi na ni bure, ila maji hayo hayaishii hapo. Mto Ngerengere unapokea maji ya Uluguru, unapita Mindu ambako mji wa Morogoro unachota, na baadaye unaingia Ruvu inayonywesha Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndoo mbili nyumbani zinatosha kwa vioo vyote vya Noah.

Kioo kikiwa safi na bado michirizi inarudi mvua ikinyesha, tazama waipa. Mistari ya nusu duara inayofuata njia ya waipa ni ya mpira uliokauka kwa jua au uliobeba mchanga. Pitisha kitambaa kibichi kwenye ukingo wa mpira, na ukiona umepasuka au umekuwa mgumu, badilisha. Kifaa hiki kilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1903 kwa mwanamke aitwaye Mary Anderson, baada ya kumwona dereva wa tramu jijini New York akihangaika kuona mbele siku ya theluji. Zaidi ya miaka 120 baadaye, bado ni kipande cha mpira, na bado ndicho kinachosahaulika hadi siku ya masika.

Wadudu wa safari ya jioni kupitia Mikumi wasikwanguliwe. Tandaza kitambaa kilicholowa juu yao kwa dakika kumi, watatoka wenyewe. Ukungu wa asubuhi ya mvua nao una dawa yake: washa kiyoyozi, elekeza hewa kwenye kioo na ruhusu hewa ya nje iingie badala ya ile inayozunguka ndani. Kiyoyozi hukausha hewa hata kama nje kuna baridi. Kioo kisicho na utando pia huchelewa kuweka ukungu.

Wazazi wasio na gari nao wana la kufanya. Basi la shule likisimama asubuhi, sekunde tano zinatosha kuangalia kioo cha mbele: kuna vumbi, kuna ufa mbele ya macho ya dereva, kuna pazia la nyuzi na maandishi yaliyoteremka hadi katikati? Mzazi anayelipa nauli kila muhula ana haki ya kumuuliza dereva, kwa adabu, kitambaa chake kiko wapi.

Na kwa wanaoosha nyumbani siku ya Jumamosi, ipo mbinu ya kujua mchirizi uko upande gani, maana hilo huwachosha wengi hadi kuacha. Ndani futa kwa kwenda kulia na kushoto, nje futa kwa kwenda juu na chini. Mchirizi uliolala ni wa ndani, uliosimama ni wa nje. Watoto huipenda kazi hii. Mmoja akae kwenye kiti cha dereva aite "umelala" au "umesimama", mwingine afute, na breki ya mkono iwe imepandishwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mzazi.