Fahamu: Taya la mtoto huanza kuumbika lini?

Ukitoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ukapanda kaskazini kuelekea Ngorongoro, unafika Laetoli. Hapo, mwaka 1974, Maundu Muluila wa kikosi cha mtafiti Mary Leakey aliokota taya la chini lenye umri wa takriban miaka milioni 3.6. Mwaka 1978 taya hilo, lililopewa namba LH 4, likawa kielelezo rasmi cha spishi ya zamadamu iitwayo Australopithecus afarensis.

Mfupa kama huo hudumu hivyo, lakini je, taya la mtoto huanzaje tumboni?

Wiki ya 4 tangu mimba itungwe, vijivimbe hujitokeza shingoni mwa kiinitete. Jozi ya kwanza ndiyo chimbuko la mataya.

Wiki ya 6 hutokea kijiti cha gegedu kila upande. Sehemu kubwa ya gegedu hilo haigeuki kuwa mfupa: mfupa huota ubavuni mwake, nalo hutoweka polepole. Ncha yake ya nyuma huunda vifupa viwili vya sikio la kati.

Wakati huohuo vichipukizi vya meno ya utotoni huanza, ingawa meno huonekana miezi kadhaa baada ya kuzaliwa.

Mtoto huzaliwa taya la chini likiwa vipande viwili, ambavyo huungana kidevuni kabla ya kutimiza mwaka.

Hitilafu ikitokea?

Taya likibaki dogo mno, ulimi husukumwa nyuma na huweza kuzuia kaakaa kufunga. Mtoto hupata shida ya kunyonya na kupumua, hivyo awahishwe hospitali.