Fikra

Fikra (kutoka neno la Kiarabu فكرة, *fikra*) ni jambo linaloundwa akilini mtu anapofikiri. Neno hilo hutumika pia kwa maana ya mtazamo au mafundisho ya mtu kuhusu maisha, dini au siasa.

Asili na sarufi

Katika Kiarabu mzizi wake ni konsonanti tatu, f-k-r. Katika Kiswahili umezaa kitenzi *fikiri* pamoja na *fikiria*, *fikirika* na *fikirisha*. Maneno *tafakari* na *tafakuri*, yanayohusu kufikiri kwa kina, yanatokana na mzizi huohuo.

Kwa kuwa *fikiri* si kitenzi cha Kibantu, irabu yake ya mwisho haibadiliki katika ukanushi: "anafikiri" huwa "hafikiri", lakini "anawaza" huwa "hawazi". Nomino *fikra* iko katika ngeli ya I-/ZI-: "fikra hii", "fikra hizi".

Fikra na wazo

*Wazo* limeundwa kutoka *waza* kwa kiishio -o, kama *tendo* kutoka *tenda* na *pato* kutoka *pata*. Mara nyingi *fikra* na *wazo* hubadilishana nafasi, ila si daima. "Ana wazo" maana yake ana jambo la kupendekeza. "Ana mawazo" mara nyingi maana yake amelemewa na wasiwasi au huzuni. Hivyo mgonjwa anayesema "nina mawazo mengi" huenda anaomba msaada. *Fikra* kwa kawaida haina maana hiyo.

Katika siasa

Julius Nyerere alikuwa mwenyekiti wa CCM tangu chama kilipoundwa mwaka 1977 hadi 1990. Kaulimbiu "Zidumu fikra za Mwenyekiti" ilisikika sana katika mikutano ya chama. Hapo *fikra* ni mwongozo wa kiongozi.

Katika Kisukuma

Kisukuma huzungumzwa hasa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Kufikiri huitwa *kwiganika*, na akili ni *masala*. Neno la pili limo katika jina la Masala Kulangwa, kijana wa ngano ya Kisukuma aliyelishinda zimwi Shing'weng'we kwa werevu. *Kulangwa* ni kufundishwa. Katika machimbo ya dhahabu kama Nyarugusu, mkoani Geita, wanakokutana watu wa makabila mengi, Kiswahili ndicho kiunganishi, na *fikra*, *wazo* na *akili* hueleweka kwa wote.