Gari Gani Livute Boti ya Pontuni?

Boti ya pontuni ni chombo chenye sakafu bapa iliyozungushiwa uzio mfupi wa alumini, kinachoelea juu ya mapipa marefu mawili au matatu yaliyozibwa pande zote, na tangu asili ni chombo cha maziwa na mito iliyotulia, si cha bahari yenye mawimbi. Mwanzo wake unahusishwa na Ambrose Weeres, mkulima wa Richmond katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambaye mwaka 1952 alifunga jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma akapata chombo kisichoyumba ovyo abiria wanapoinuka. Jimbo hilo lina maziwa zaidi ya 10,000, na kwa kuwa maji yake huganda kila majira ya baridi, boti huopolewa kabla ya barafu na kurudishwa majini inapoyeyuka. Kwa hiyo hata mwenye nyumba ya kando ya ziwa, asiye na nia ya kuzunguka na boti yake, hana budi kujua ni gari gani litakaloivuta.

Wanunuzi wengi hutafuta jibu katika tarakimu moja tu, yaani uwezo wa kuvuta unaotangazwa na mtengenezaji wa gari. Tarakimu hiyo si ya uongo. Watengenezaji wengi huipata kwa kufuata kipimo kiitwacho J2807, kilichotungwa na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari, ambacho Toyota ilikuwa ya kwanza kukizingatia katika magari yake ya mwaka 2011. Gari linalopimwa hupandishwa mlima mrefu wa Davis Dam huko Arizona likiwa na tela lake, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na halitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Tatizo ni kwamba ndani ya gari hilo huhesabiwa watu wawili wa kilo 68 kila mmoja pamoja na vifaa vichache, ilhali familia iendayo ziwani kwa mapumziko haifanani hata kidogo na watu hao wawili.

Upande wa boti nako kuna mtego, kwa sababu uzito unaoandikwa katika matangazo mara nyingi ni uzito mkavu, yaani wa boti isiyo na mashine, mafuta wala mizigo. Boti ya mita 6.7 yenye mapipa mawili huweza kuwa na kilo 1,000. Ikiongezewa mashine ya nguvu farasi 115 yenye kilo 165 hivi, lita 100 za petroli zenye kilo 75, betri, nanga, jaketi za kuokolea na sanduku la barafu vyenye kilo 90, kisha tela la kilo 600, jumla hufika kilo 1,930. Maji yaliyojipenyeza katika pipa lenye ufa hayamo katika hesabu hiyo, na kuna boti kuukuu zinazobeba maji hayo bila mwenyewe kutambua.

Katika uzito huo wote, sehemu fulani hukandamiza moja kwa moja nyuma ya gari kupitia kichwa cha tela, na kwa kawaida ya Marekani sehemu hiyo hukadiriwa kuwa takriban asilimia 10, ambayo hapa ni kilo 193. Kilo hizo ni mzigo wa gari sawasawa na abiria. Tuseme gari lina uwezo wa kuvuta kilo 2,268, lakini limeruhusiwa kubeba kilo 600 tu. Watu watano wenye wastani wa kilo 75 ni kilo 375, mikoba na chakula ni kilo 60, na kichwa cha tela kikijumlishwa zinapatikana kilo 628. Gari hilo limezidiwa ingawa kikomo chake cha kuvuta bado hakijafikiwa, na tarakimu iliyolihukumu haikuwa katika tangazo bali katika kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambacho wauzaji huwa hawana haraka ya kukionyesha.

Kwa boti hiyo ya kilo 1,930, Toyota RAV4 na Honda CR-V nyingi zinazouzwa Marekani, zenye uwezo wa kuvuta takriban kilo 680, hazimo kabisa. Toyota Highlander ya petroli, yenye kilo 2,268, hutosha iwapo abiria ni wachache. Lexus GX 460, ambayo kimsingi ni Land Cruiser Prado ileile inayofahamika sana Afrika Mashariki, hufikia kilo 2,948, na pikapu kama Ford F-150 kwa kawaida huvuka kilo 3,000. Boti za mapipa matatu, ambazo pamoja na tela hupita kilo 2,300 kwa urahisi, ni mzigo wa pikapu.

Uzito, hata hivyo, hauelezi yote. Boti hii ina upana wa karibu mita 2.6 na umbo lisilokata upepo, kwa hiyo turubai la kivuli lazima likunjwe kabla ya safari. Baadhi ya matela yake huinua boti kwa mkono mwembamba wa katikati, magurudumu yakiwa yamekaribiana. Tela la namna hiyo hupenya mahali finyu, lakini husukwasukwa na upepo wa pembeni, na linahitaji gari refu na zito la kulituliza. Kuhusu breki, sheria ya Minnesota inataka tela lenye uzito wa kilo 1,360 au zaidi liwe na breki zake, nayo ni busara hata pale isipodaiwa.

Mtihani mgumu kuliko yote hungoja mwishoni mwa safari, kwenye mteremko wa saruji wa kushushia boti, ambao huwa umelowa na kuota mwani. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele hupata shida hapo, kwa kuwa kichwa cha tela hukandamiza nyuma na mteremko wenyewe huvuta uzito huohuo nyuma, hata magurudumu ya mbele yakakosa mshiko wakati wa kupandisha boti. Linaloendeshwa na ya nyuma hubaki na uzito wa kutosha, ila tairi zake ndizo zilizo karibu zaidi na utelezi. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, hasa lenye gia nzito ya mwendo mdogo, ndilo linalofaa.

Magari ya umeme yana nguvu ya kutosha, lakini umbali yanaokwenda kwa chaji moja huweza kupungua hadi nusu yakiwa na tela, na vituo vingi vya kuchajia humlazimu dereva kulifungua tela kwanza.

Kwa yule anayevuta boti mara mbili tu kwa mwaka, kununua pikapu kubwa kwa ajili hiyo ni gharama isiyo na sababu. Gereji za boti za kando ya maziwa huopoa, huhifadhi na kurudisha boti majini kwa ada, na zipo kampuni zinazokodisha pikapu kwa siku, ingawa mkataba husomwa kwanza, kwa maana magari mengi ya kukodi hayaruhusiwi kuvuta kitu chochote.