Karamu ya Jamaa Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Mwezi wa Desemba, maembe yaivapo Kakuyuni, watu wengi wa mahali pale wafanyao kazi Malindi, Mombasa na Nairobi hurudi kwa wazee wao. Siku hizo kuku huchinjwa, wali hupikwa kwa tui la nazi, na ndugu wasioonana tangu mwaka uliopita huketi pamoja. Desturi hii ni njema, kwani ndiyo ifungayo ukoo. Lakini Krismasi ya mwaka 2020 ilikuta ugonjwa wa korona ungali ukienea nchini, na kila mwenye mji alikuwa na swali gumu: awaite watoto wake, au awakataze?

Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi wa Aprili kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwezi wa Juni, na Mombasa mwezi wa Julai. Ilipofika Krismasi watu waliweza kusafiri, ila wasionekane nje tangu saa nne ya usiku hata saa kumi ya alfajiri, tena matatu ya abiria 14 iliamriwa ichukue 8 tu. Wako waliodhani kuwa njia zikifunguliwa basi ugonjwa umekwisha. Sivyo. Njia iliyo wazi kwa watu ni wazi kwa maradhi pia. Mwaka 1918 mafua makali yaliyozunguka ulimwengu yaliingia Kenya kwa bandari ya Mombasa, yakaenea pamoja na wasafiri.

Ubaya wa korona ni kwamba mtu huweza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya, na wengine hawaumwi kabisa. Wataalamu wa KEMRI walioko Kilifi walichunguza damu ya watu waliojitolea kutoa damu kati ya Aprili na Juni 2020. Walikadiria kuwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hata 64 walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Idadi hiyo ilizidi mno hesabu ya wagonjwa waliojulikana. Maana yake ni kwamba wengi walikuwa na ugonjwa, nao hawakujua.

Basi mwenye mji afanyeje maradhi ya namna hii yakizuka? Haimpasi kuvunja ujamaa, bali aupange.

Kwanza, achague mahali. Ugonjwa huu husafiri kwa pumzi, na pumzi yafanana na moshi wa kuni. Moshi ndani ya nyumba yenye dirisha dogo hutanda mpaka macho yakatoka machozi, bali chini ya mwembe upepo huuchukua mara moja. Kwa hiyo watu wale na kuzungumza nje, mchana, na mikeka iwekwe mbalimbali, kila nyumba na mkeka wake. Wakilazimika kuingia ndani, madirisha na milango ifunguliwe, nao wavae barakoa.

Pili, apunguze hesabu ya watu. Si lazima ukoo mzima ufike siku moja. Wa Malindi waweza kuja siku hii, wa Mombasa siku nyingine.

Tatu, atazame vyombo. Kila mtu apakuliwe sima na kitoweo katika sahani yake. Maji ya kunawa yamiminwe kwa jagi, pamoja na sabuni, wala watu wasitie mikono katika bakuli moja. Kunawa hivyo huzuia na kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo. Tembo la mnazi nalo lisizungushwe kwa kikombe kimoja, wala mrija mmoja usipokezanwe.

Nne, awalinde wazee. Korona iliwaua zaidi wenye miaka 60 na kupita, na wenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo. Nyanya akiwa na hali hiyo, aketi upande uvumao upepo. Wajukuu wamwamkie kwa heshima zote pasipo kumkumbatia, wala asilale chumba kimoja na wageni waliotoka mjini siku hiyo.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, mwenye homa, kikohozi au aliyepoteza uwezo wa kunusa asisafiri. Wengi huona haya kukosa karamu, wakaogopa kuambiwa kuwa wamewadharau wazazi. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwana abakiye Mombasa mpaka apone mwenyewe, akapiga simu na kutuma fedha za kitoweo, hakuwadharau wazazi wake, amewahifadhi. Na mzee afanye vema kulisema neno hilo yeye mwenyewe, mapema, ili kijana asijisikie mwenye hatia. Mgeni akiugua akiwa amekwisha kufika, atengewe chumba, ahudumiwe na mtu mmoja aliyevaa barakoa. Na akianza kupumua kwa shida apelekwe hospitali bila kungojea asubuhi.

Chanjo ya korona ilianza kutolewa Kenya mwezi wa Machi 2021, na mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura imekwisha. Lakini maradhi mapya hayabishi hodi. Mafua, surua na kipindupindu hupenda penye mkusanyiko, na miji iliyozoea kunawa kwa jagi, kula nje na kumruhusu mgonjwa abaki kwake haitahitaji kufundishwa upya. Embe zitaiva tena mwaka ujao. Lililo kubwa ni kwamba wazee wawepo kuzila.